Mpini wa Kimo Changu

Duka la Delwari, Ibra, nyuma ya soko la mboga,
saa mbili asubuhi na jua tayari limekasirika.
Majembe yameegemea ukuta kama watoto wa chuoni,
yote kimo kimoja, yote yananikomea kiunoni.
"Hii ndiyo saizi," asema.
Saizi ya nani?
Ananitazama kutoka ndala hadi ushungi,
safari ndefu,
kisha kwa adabu ananisogezea kiti.

Mimi Shinuna binti Zahor, futi sita kasoro inchi.
Vizingiti vya nyumba za udongo vinanijua kwa paji la uso.
Nina mitende kumi na mitatu, ndimu nne, tuta la vitunguu,
na zamu yangu ya maji ya falaji ni Jumanne, usiku wa manane;
maji hayamngoji mwenye kiuno.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walinifunza.
Nimeinama miaka ishirini na saba.
Cha mvunguni ni kitunguu.

Basi sikiliza, mrefu mwenzangu:
jembe halinunuliwi kwa macho.
Vaa viatu vyako vya shamba, simama wima juu ya saruji,
usimamishe mpini ubavuni.
Wa chepe usishuke chini ya kwapa.
Wa reki uguse kidevu.
Ukipungua hapo, unanunua dawa ya kuchua.
Tazama nyuzi za mti: zishuke moja kwa moja
kama maji yanayojua njia;
zikikatisha, utabaki na kijiti mkononi
na bamba ndani ya tope.
Na mrefu una deni lake. Usiutie chuma kizito,
utakuwa kama mtu anayemlisha ngamia kwa kijiko
akiwa juu ya dari.

Delwari ana bomba la chuma, la urefu wowote nitakao.
Bomba! Ibra! Mwezi wa sita!
Labda nikaangie yai.

Nikaenda kwa Thuwaini, mtoto wa mjomba,
aliyekuwa amepogoa mkunazi wake,
ule ule uliotoa majani ya kumwoshea mama, Rajabu iliyopita.
Tukachagua tawi. Shubiri sita na vidole vinne,
shubiri zangu, si zake.
Akalikwangua kwa kigae cha chupa,
nami nikaling'oa bamba la zamani,
jembe la mama, alilokuja nalo kutoka Wete
limefungwa kanga mbili ndani ya sanduku.

Kabari ilitoka kwa shida. Mpini ukaanguka.
Thuwaini akauokota, akaugeuza, akapapasa kichwa chake.
"Huu ulikatwa kwa msumeno," alisema.
"Shangazi aliukata mwenyewe, nilimshikia.
Wewe ulikuwa na miaka sita, ukililia jembe."

Sikujibu.
Mama ninayemkumbuka ni mfupi,
mgongo wake kama kikapu kilichofunikwa.
Nilikua nikampita jembe, nikampita bega,
na hakuna aliyekumbuka kuuvisha mpini mwingine,
wala yeye, wala mimi,
tukapokezana kile kijiti kama watu wawili
wanaogawana kiti kibovu.

Na kipande kilichokatwa?
"Si hicho," akasema Thuwaini baadaye, akinisindikiza,
"unachofungia banda la mbuzi?"
Komeo. Nimelishika asubuhi na jioni,
limelainika kwa viganja, vyake na vyangu.
Nimeliacha hapo hapo. Mbuzi hawana habari.

Jumanne maji yalipokuja
niliufungua mfereji nikiwa nimesimama.
Jembe lilikwenda mbali kuliko nilivyozoea,
nikakosea, nikalibomoa tuta la ndimu,
nikalijenga tena, bado nimesimama.
Nilipoinua uso
niliona ng'ambo ya ukuta dirisha la jikoni kwa kina Azza,
taa inawaka, mtu anasonga unga.

Miaka yote hiyo
sikujua kama linaonekana.